Wa, zo, bia, na neno lisilokuwamo

Mama muuza bole, ndizi za kuchoma, alinirudishia chenji. Katikati ya zile noti kulikuwa na moja ya naira hamsini, imekunjamana hata picha yake haisomeki vizuri. Nikainyoosha juu ya paja. Nikaona maneno: Naira Hamsin.

Ilikuwa siku yangu ya tatu Port Harcourt, kusini mwa Nijeria. Masikio yalikuwa yamechoka kwa Kiingereza cha kazini na Pijini ya mtaani, na ghafla, juu ya pesa ya watu, neno la nyumbani. Nikamgusa bega mwenyeji wangu, kijana tuliyekuwa tukifanya naye kazi ya mizigo kwenye bandari ya Onne. Nikamwambia kwa furaha, "Tazama, lugha yangu imo kwenye noti yenu."

Aliishika. Akaisoma kama mtu ambaye hajaisoma miaka mingi, mbele na nyuma, kisha akanirudishia.

"Yangu haimo," akasema.

Akaendelea kula ndizi yake ya kuchoma na samaki.

Nimerudi Mombasa wiki saba sasa, na maneno hayo mawili hayajanitoka.

## Njoo, njoo, njoo

Wanaijeria wana neno lao la kuunganisha nchi: Wazobia. Limeshonwa kwa vipande vitatu. Wa ni "njoo" kwa Kiyoruba, zo ni "njoo" kwa Kihausa, bia ni "njoo" kwa Kiigbo. Nilipolielewa mara ya kwanza nililipenda sana. Nchi inayojiita kwa kumkaribisha mtu mara tatu!

Na lugha hizo tatu ndizo zilizoandikwa kwenye noti ya hamsini. Mtu mwenye sikio la Pwani akisikia Kihausa hukaa kitako. Labari ni habari. Lafiya ni afya. Duniya, albarka, Alhamis, hayahitaji hata kuelezwa. Ishirini kwao ni ashirin. Noti ya mia mbili bado ina maandishi ya ajami, yaani Kihausa kwa herufi za Kiarabu, na mimi niliyesomeshwa madrasa nilikaa kitandani hotelini nikiyafuata kwa kidole kama mtoto. Hata Kiyoruba kina yake: wákàtí kwao ni saa, àdúrà ni dua. Maneno hayo yalivuka Sahara na misafara ya wafanyabiashara na walimu wa dini, kama yetu yalivyovuka bahari na majahazi.

Redio nayo ilitulea pamoja. BBC ilianza kutangaza kwa Kihausa na kwa Kiswahili mwaka mmoja, 1957. Kiyoruba na Kiigbo vilisubiri hadi 2018.

Kwa hiyo nilikuwa na haki ya kufurahi, au ndivyo nilivyodhani. Lakini Nijeria ina lugha zaidi ya 500. Noti ina tatu. Katiba yao ya 1999, kifungu cha 55, inasema shughuli za Bunge la Taifa zitaendeshwa kwa Kiingereza, na kwa Kihausa, Kiigbo na Kiyoruba pale matayarisho ya kutosha yatakapofanywa. Kifungu hicho kilirithiwa kutoka katiba ya 1979. Ukimsomea mtu wa kabila dogo, atakwambia hakikumkaribisha bali kilimhesabu nje.

Njoo, njoo, njoo. Wengine wote wabaki walipo.

Kuna jambo jingine lililonifikia siku mbili baada ya ile noti. Pale Onne alikuwapo mzee wa Calabar, Mwefik, na siku moja tukisubiri kreni alinihesabia vidole kwa lugha yake. Alipofika tatu akasema ita. Kiigbo ni atọ. Kiyoruba ni ẹ̀ta. Nikashtuka. Wataalamu wa lugha wanasema mababu wa lugha za Kibantu walianzia safari yao mpakani mwa Nijeria na Kamerun, si mbali na alikozaliwa mzee yule.

Hamsini tuliiazima sote kwa Waarabu. Tatu tulizaliwa nayo.

Nilikuwa nimeusherehekea ujirani wa mkopo. Ndugu wa damu alikuwa mbele yangu, na lugha yake haimo kwenye noti.

## Herufi ya R

Njia ya kutoka Onne kwenda mjini ni fupi, lakini mwenyeji wangu aliniambia tunapita kwa watu wengi. Hapa Waeleme. Kule kwenye maji Waokrika. Tukishaingia mjini, hapa ndipo kwetu, akasema, kwa Waikwerre. Barabarani makondakta walikuwa wakiita: Rumuola! Rumuokoro! Rumuigbo!

Nikamwuliza, hii Rumu ni nini? Akasema ni watoto, ni ukoo: watoto wa fulani. Nikasema, kama umu ya Waigbo? Maana nilishaliona jina la Umuahia kwenye ramani.

Akanyamaza. Nilidhani anaangalia magari.

Jioni hiyo alinipeleka kumsalimia mama yake. Nilikuwa nimejifunza neno moja la kumpendeza. Nikainama kidogo kwa heshima, nikasema, "Kedu, Mama."

Mama alinishika mkono, akanikalisha, akanisogezea maji. Kisha akaniambia kwa Pijini, taratibu kabisa, kwamba asante kwa salamu, ila yeye si Mwigbo, na hiyo niliyoisema ni ya Waigbo.

Wanaisimu huiweka Kiikwerre ndani ya kundi moja na Kiigbo, na ukiyasikia maneno yakipita huwezi kushangaa. Kwa mtu wa nje, kama mimi, ni rahisi kusema hiki ni kile. Waikwerre wengi wanakataa. Wanasema ni watu wao wenyewe, wana lugha yao na historia yao. Wapo Waikwerre wanaosema vingine pia, na nimekutana nao, lakini waliniambia kwa sauti ya chini.

Msingi wa hofu ni wa zamani. Kabla ya uhuru, Waingereza waliunda tume chini ya Willink kusikiliza hofu za makabila madogo, na ripoti ikatoka 1958. Kisha tarehe 27 Mei 1967 Jimbo la Rivers likaundwa, wiki chache kabla ya vita. Biafra, upande wa mashariki wenye Waigbo wengi uliotangaza kujitenga na Nijeria, ililihesabu eneo hilo kuwa lake. Mwandishi Elechi Amadi, Mwikwerre wa Aluu, alikamatwa na kuwekwa kizuizini na serikali ya Biafra. Vita vilipokwisha Januari 1970, majina ya mahali yalianza kuandikwa upya. Umuola ikawa Rumuola. Umuokoro ikawa Rumuokoro. Obigbo ikawa Oyigbo.

Kuna wanaosema matamshi hayo yalikuwapo tangu hapo, ni kalamu za wengine tu zilizoyafuta. Mama yule alisema hivyo. Alisema R ilikuwa midomoni mwa bibi yake kabla ya mzungu yeyote kuchora ramani.

## Nyumba ya Diobu

Ningependa kusema nilielewa pale pale. Sikuelewa. Kilichotokea ni kwamba nilikwenda upande wa pili kwanza.

Kazini kulikuwa na mhasibu, mtu mzima, Mwigbo. Nilimwuliza kuhusu ile R, wakati wa chakula, bila kufikiri sana. Alisukuma sahani.

Babu yake alijenga nyumba Diobu, matofali ya kwanza aliyabeba kichwani. Mei 1968 jeshi la shirikisho lilipoingia Port Harcourt, familia ilikimbia na vilivyoshikika. Vita vilipokwisha babu alirudi akakuta nyumba ina wenyewe wengine. Serikali ya jimbo iliziita nyumba kama hizo mali zilizoachwa. "Hatukuacha," akasema yule mhasibu. "Tulikimbia risasi." Babu alikufa akiwa na hati mkononi.

"Unaniuliza herufi," akaniambia. "Hiyo herufi ndiyo komeo."

Siku mbili nilikuwa nimeshawishika. Niliwaona Waikwerre kama ndugu aliyebadilisha jina siku ya mgao wa urithi. Nilikula kwa mwenyeji wangu nikiwa na neno moyoni, na nadhani alilihisi, maana alizungumza machache.

Bado siwezi kuipuuza nyumba ile. Simlaumu mtu akiisikia R na kusikia komeo. Ila nilianza kujiuliza kitu kidogo: kama R ni ya mgao tu, kwa nini mama yule, asiye na nyumba ya mtu, aliikatalia salamu yangu kwa upole namna ile? Hakukuwa na mali mezani. Kulikuwa na maji na mgeni.

## "Hakijawahi kusema mimi ni mtoto wake"

Usiku wa mwisho nilimtupia mwenyeji wangu swali lililokuwa likinikera. Kwa nini mnapimana wenyewe kwa wenyewe, herufi kwa herufi, na Kiingereza kinapita katikati kama bwana harusi? Watoto wake wawili walikuwa sebuleni wakitazama katuni. Hawasemi Kiikwerre. Wanasema Kiingereza, na Pijini wakidhani hatusikii.

Alifikiri.

"Kiingereza kimenipora mengi," akasema, "lakini hakijawahi kusema mimi ni mtoto wake."

Niliandika maneno hayo kwenye simu kabla ya kulala.

Jirani mkubwa anayefanana nawe anatisha kuliko mgeni. Mgeni anakunyamazisha, na wewe unajua umenyamazishwa. Jirani anakwambia kwamba unachosema ni chake, ila wewe umekisema vibaya.

Na wakati huo huo mgeni anaendelea kushinda, bila kelele. Novemba 2025 Waziri wa Elimu wa Nijeria, Tunji Alausa, alitangaza kufutwa kwa sera ya kufundishia kwa lugha za mama, ile iliyopitishwa 2022. Sababu aliyotoa ni kufeli kwa wanafunzi. Nilisoma habari hiyo nikaumia, kwa sababu nchi hiyo hiyo ndiyo iliyofanya jaribio la Ife, lililoanza 1970 chini ya Babs Fafunwa: watoto walifundishwa masomo yote ya msingi kwa Kiyoruba, Kiingereza kikiwa somo, na wakafanya vizuri kuliko wenzao. Rivers nako, mara tu baada ya vita, mwanaisimu Kay Williamson na wenzake walianza kutunga vitabu vya kusomea vya watoto kwa lugha za jimbo hilo, hata zile ndogo kabisa. Nijeria haina upungufu wa ushahidi.

Mwenyeji wangu alikisoma kitabu kimoja cha aina hiyo akiwa mdogo. Hakumbuki hadithi. Anakumbuka tu alivyoshangaa kwamba maneno ya mama yake yanaweza kuchapishwa.

## Ndoo

Nikiwa ndani ya ndege ya kurudi, juu ya mawingu, ndipo nilipokumbuka darasa la tatu.

Mimi ni Mmvita. Nyumbani hatusemi njia, twasema ndia. Njaa kwetu ni ndaa. Siku moja darasani nilimwita mwenzangu, "Ndoo hapa!" Mwalimu, mtu wa bara, akasimamisha somo. Akaniuliza ndoo iko wapi. Darasa likaangua kicheko. Akaandika ubaoni NJOO kwa herufi kubwa, akanitaka nirudie mara kumi mbele ya wote, huku akinieleza kwamba ndoo ni chombo cha kutekea maji.

Nilirudia mara kumi. Nyumbani sikusema kitu. Lakini tangu siku hiyo nikawa na midomo miwili, na ule wa nyumbani nikauonea haya hadi nilipokuwa mtu mzima.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sanifu mkononi. Mkutano wa 1928 uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa, mjini kwetu, na kamati ya lugha iliyoundwa 1930 ikaanza kazi ya kusahihisha vitabu. Kimvita, lugha ya mshairi Muyaka, kikawa lahaja. Wazee wetu walilalamika, na wajukuu wao tukasahihishwa ubaoni.

Waigbo nao wana jeraha la namna hiyo, jambo ambalo lilinipa pole. Mmishonari Thomas Dennis alichanganya lahaja zao akatoa Biblia ya 1913 kwa Kiigbo cha muungano, Kiigbo ambacho hakikuwa cha kijiji chochote. Mwaka 1999, mjini Owerri, Chinua Achebe alisimama mbele ya watu wake akatoa mhadhara kwa Kiigbo, akikishambulia Kiigbo hicho kilichotengenezwa mezani. Alikuwa mzee, maarufu dunia nzima, ameletwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na bado jambo la lahaja lilikuwa linamwuma.

Kwa hiyo nikajiambia: sasa naelewa. Mimi ni yule mama. Mimi ndiye Rumuola. Nilijiona nimelimaliza suala.

Nilikaa na utulivu huo kama siku nne.

## Kilichonikamata

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mdigo wa Msambweni.

Siandiki hili kwa urahisi. Alipokuwa akija Mombasa, yeye na mama walikuwa wakikaa uani wakizungumza Kidigo, sauti zikipanda na kushuka, wakicheka mambo ambayo sisi watoto hatukuyapata. Tulikipata nusu, na ile nusu ndiyo iliyotuharibu. Kama kingekuwa Kidholuo au Kisomali tungesema ni lugha. Kwa kuwa tulikipata nusu, tulisema ni Kiswahili kilichovunjika.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili hivi. Kulikuwa na wageni wa baba. Mmoja akamwuliza bibi, kwa adabu, anazungumza lugha gani. Mimi nikajibu kabla yake.

"Ni Kiswahili cha shamba."

Wageni wakacheka. Bibi hakusema kitu. Alikuwa akisuka ukili, na akaendelea kusuka. Mama ndiye aliyeinuka akaingia ndani.

Mimi, niliyetoka kurudishwa mara kumi ubaoni kwa ajili ya ndoo. Kichapo kile kile nilichopigwa nilikigeuza nikampiga nacho bibi, na sikujua kwamba nimepiga. Mkubwa kwangu aliniambia ninachosema ni chake kilichoharibika. Nikageuka nikatafuta mdogo wa kumwambia hivyo hivyo.

Pale Port Harcourt nilipomwambia yule kijana "kama umu ya Waigbo?", nilikuwa namsemea bibi yake mbele ya wageni.

Nimewahi kusikia watu wakisema Wadigo ni Waswahili tu, dini moja, pwani moja, pilau moja. Husemwa kwa mapenzi. Nimelisema mwenyewe. Nimewasikia pia watu wa bara wakisema kila anayezungumza Kiswahili ni Mswahili, na hapo nikachemka, nikawatajia Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, moja baada ya jingine. Sikuwahi kuziweka sentensi hizo mbili pamoja.

Bado sina jibu kuhusu nyumba ya Diobu. Nadhani yule mhasibu anadai haki yake, na nadhani mama wa Rumuola naye anadai yake, na sioni ni vipi herufi moja itawalipa wote wawili. Nilimwandikia mwenyeji wangu kumwomba radhi kuhusu jambo la garini. Alijibu kwamba hakumbuki. Kisha, baada ya saa nzima, akatuma ujumbe wa sauti: mama yake akisema namna wao wanavyosalimia, mara mbili, polepole, ili nijifunze. Nimejifunza.

Jana usiku nilimpigia mama mkubwa, Msambweni. Bibi ameshatangulia, mama naye ameshatangulia, amebaki yeye. Nikamwamkia, nikamwuliza afya, nikazunguka zunguka. Mwishowe nikamwuliza, mtoto akiwa mbali ukataka aje, wamwita vipi kwa Kidigo?

Kulikuwa na kimya kwenye simu.

"Kwa nini wauliza?"

Nikamwambia nataka kujua tu.

"Ndzo," akasema.

Nikarudia. Akasema sivyo, ulimi uko mbele mno. Nikarudia tena. Nikarudia mara nyingi, pengine kumi, sikuhesabu, na safari hii hakukuwa na mtu wa kucheka.

Kisha akaanza kunieleza jambo, sijui ni la mnazi au la jirani, kwa Kidigo moja kwa moja, kwa ile kasi aliyokuwa akizungumza na mama pale uani. Niliambulia labda nusu. Sikumkatiza.